Saa Kumi na Moja Jioni, Bado Wamesimama



Vijana wenzangu, fungueni Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Sisi Waswahili tuna bahati hapa, saa za Injili ni saa zetu zilezile. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja ya jioni, jua linaelekea kuzama. Mwenye shamba anatoka mara ya tano, anakuta watu bado wamesimama. Anawauliza mbona wamekaa bure kutwa nzima. Wanajibu kwamba hawajapata wa kuwaajiri.

Mahubiri mengi yanapita hapo haraka, yanakimbilia wale wanaoongoka uzeeni. Sawa, lakini mimi hunasa hapohapo. Mvivu hasimami kutafuta kazi mpaka jioni.

Huku Pemba tunawajua. Msimu wa karafuu ukifika, kijana anapanda mkarafuu na kulipwa kwa alichochuma, kwa pishi au kwa kilo. Mvua ikishinda inanyesha, siku hiyo hana kitu. Na kuna wanaoanguka. Bei ya karafuu kavu inatangazwa na Serikali na ZSTC inanunua, kwa hiyo mwenye shamba anaijua kabla hajauza. Ujira wa mchumaji unapatanwa chini ya mti. Tena mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka: mwaka huu imejaa, mwakani utatafuta karafuu kwa tochi. Msimu ukiisha, kijana huyohuyo anabeba zege, anaendesha boda, anaungaunga. Mkataba hana. Mwislamu na Mkatoliki (sisi huku ni wachache mno) wanasubiri pamoja.

Dinari ilikuwa ujira wa siku moja, chakula cha nyumba. Mwenye shamba alijua kwamba hata wa saa kumi na moja ana njaa ya siku nzima, akampa dinari kamili, jioni ileile. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza hivyo, kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Papa Leo XIII naye, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki kama hautoshi mtu kuishi. Kwa hiyo ile "si ulikubali mwenyewe?" haitutetei.

Na tusiwasukumie matajiri tu. Fundi uliyemwambia "njoo wiki ijayo" ni wako. Dada wa kazi anayezungushwa mshahara nyumbani kwenu naye ni wenu. Mlipe leo.

Nawe ambaye bado unasubiri: najua wapo wanaoacha Misa kwa aibu, kwa kuwa hawana cha kuweka kwenye kapu la sadaka, na jumuiyani wataulizwa tena, "hujapata tu kazi?" Njoo mikono mitupu. Ukikaa benchi la nyuma, nisogezee nafasi.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.