Samweli Alikimbia Mara Tatu

Tukisoma 1 Samweli sura ya 3 tunakimbilia jibu la mtoto kwa Bwana na kuyaruka yaliyotangulia. Taa ya Mungu ilikuwa bado haijazimika. Mzee Eli alikuwa karibu. Samweli alipoitwa alimkimbilia Eli, akamwamsha, na mara zote mzee hakumgombeza.

Nawaambia hayo hasa makatekista wetu, wanaotaka kuwafundisha watoto wa chama cha Kizito-Anuarite sala ya kimya: kukaa wima, kupumua polepole, kurudia moyoni neno Maranatha, kama alivyofundisha John Main, mmonaki Mbenedikto. Huko Townsville, Australia, shule za Kikatoliki za jimbo huwafundisha hata watoto wa miaka mitano. Kipimo kinachotumika sana ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Mwenye miaka sita, dakika sita, basi. (Sisi wazee tukipimwa hivyo, wengi tutatoroka.)

Lakini Townsville si Kavumu yetu ya Kivu Kusini. Hapa, kati ya 2013 na 2016, wasichana wadogo karibu 40 walitolewa usiku vitandani mwao, wakabakwa. Mahakama ya kijeshi ilikaa hapa hapa, na tarehe 13 Desemba 2017 watu 11 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wadogo wa wasichana hao wamekulia katika nyumba ambamo kimya cha usiku ni cha kutega sikio: nani anagusa mlango? Februari 2025 vita vikafika hadi uwanja wetu wa ndege. Mtoto wa namna hiyo ukimwamuru afumbe macho na kunyamaza, unamrudisha kulekule.

Kwa hiyo msianze na macho. Anayetaka kuyafumbua ayafumbue, atazame mshumaa, hata viatu vya mwenzake. Mlango ubaki wazi, watoto wakae wakiuona. Mama mmoja wa shirika akae kizingitini, nao waambiwe jina lake kabla ya sala. Mtoto akiinuka katikati kumfuata, asikaripiwe. Akae naye, akipenda arudi. Akiinuka tena, vilevile. Eli mwenyewe hakutambua ni nani anayemwita mtoto mpaka mara ya tatu.

Tunaanza Jumamosi baada ya mafundisho. Natafuta akina mama wawili wa kupokezana mlangoni, na baba mmoja, maana watoto wa Kavumu wanahitaji kumwona mwanamume naye akilinda mlango. Akina baba, msitazamane. Sekretari ana daftari. Jina liandikwe leo kabla hamjatoka.