Jina Lililo Kwenye Fomu

Mpwa wangu, umeshaitwa. Umezoea wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili za mazoezi kila mwaka. Safari hii Jeshi la Akiba la Marekani linakutaka miezi mingi, tena ng'ambo. Mambo ya bunduki utafundishwa na wakubwa zako. Mimi mjomba wako nina neno juu ya karatasi.

Anza na bima ya maisha, ile SGLI. Tangu Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Ifungue usome mnufaika ni nani. Kijana huijaza akiwa kapera, akaandika mama au kaka. Baadaye anaoa, anazaa, fomu iko vilevile. Fedha hizo hulipwa aliyeandikwa. Wosia haulifuti jina hilo, wala kikao cha ukoo kule Moshi, hata kikikesha. Ukitaka mama apate na mkeo apate, wagawie asilimia humohumo kwenye fomu, kisha uwaambie wote wawili kwa kinywa chako. Ukinyamaza, utakuwa umewaachia kesi.

Najua shangazi zako watasema unajichuria. Lakini Januari 28, 2024, droni iliwaua askari 3 wa akiba kutoka Georgia katika kambi ya Tower 22, Jordan. Walikuwa watu wa kikosi cha uhandisi, na iliwakuta kwenye makazi yao. Kifo hakingoji wosia ndipo kije.

Wosia wenyewe wanasheria wa jeshi watakuandikia bure, na hati ya uwakili pia. Hapo kuwa mwangalifu. Usimkabidhi binamu mamlaka juu ya kila kitu chako kwa sababu tu mmekula sahani moja. Mpe mamlaka ya jambo moja, kama kuuza gari, na hati iwe na tarehe ya mwisho.

Mwajiri mwarifu mapema, kwa maandishi. Sheria ya mwaka 1994 inakulinda urudi kazini kwako, mradi utimize masharti yake. Deni ulilokopa kabla ya kuitwa lisitozwe riba inayozidi asilimia 6 ukiwa jeshini, lakini benki haitakukumbusha: peleka barua pamoja na nakala ya amri ya kuitwa kwako.

Huku nyumbani habari zikienea, watu wataanza kukupangia mshahara: huyu ada, yule bati. Taja kiasi utakachotuma kila mwezi, umtumie mmoja unayemwamini, na usiongeze kwa kuona haya.

Jumamosi hii kaa na mkeo mezani, simu zizimwe, mpitie karatasi hizi moja moja. Asilolielewa, mweleze tena. Yeye ndiye atakayezishika wewe ukiwa mbali.