Neno «baba» liko na maana ngapi?

Kuna maneno ambayo yanabeba maana moja tu. Jembe ni jembe, Beni kama vile Butembo. Hakuna mutu atagombana na mwenzake juu yake. Lakini «baba» si neno la namna ile. Kwetu, baba ni yule aliyekuzaa. Ni pia kaka yake na mdogo wake, tunaowaita baba mukubwa na baba mudogo. Vilevile, mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu.

Sheria ya Leta inapenda maana moja. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inagawanya mali ya marehemu hivi: robo tatu ni ya watoto wake mwenyewe, sawasawa, robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Pale, baba mudogo si baba. Ni ndugu ya marehemu, basi.

Wazee wengine wanalalamika kwamba sheria hii imepunguza neno letu. Tunawaelewa. Tangu mauaji yalipoanza kule Beni katika Oktoba 2014, tena wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, yatima wengi wangekosa fasi ya kulala kama «baba» lingekuwa na maana moja tu.

Lakini tuseme ukweli. Tumeona pia, kwenye kilio, baba mudogo akisimama mbele ya watu: «Hawa ni watoto wangu.» Miezi inapita, parseli inauzwa, na siku ya kulipa masomo anasema: «Baba yenu alikufa.» Neno ni lile lile. Alilipanua wakati wa kupokea, akalifupisha wakati wa kutoa.

Basi kosa halimo ndani ya wingi wa maana. Limo ndani ya mtu anayechagua maana kufuatana na faida yake. Sisi tunaona hivi: anayekubali kuitwa baba azibebe maana zote pamoja, ile ya kuheshimiwa, ile ya kulisha, na ile ya kuchunga shamba mpaka mtoto akomae. Asiyeweza aseme wazi, aachie watoto haki yao. Hiyo si haya.

Sheria inaweza kumlindia mtoto shamba la babake. Haiwezi kumwita «mwanangu» jioni akirudi na njaa. Kazi ile imebaki kwetu.