Saa Moja Kila Jioni

Hapa Migori, ukishika gitaa kila jioni utaulizwa, "Hiyo itakulipa lini?" Mimi niliacha chuo, basi kwangu swali huja mara mbili.

Jibu rahisi ni kutaja wakubwa. D. O. Misiani alizaliwa 1940 karibu na Shirati, hapo tu ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, akavuka akaja Kenya, na akiwa na Shirati Jazz akaifikisha benga mbali. Lakini ukijibu hivyo ni kama unaomba kuvumiliwa: ngojeni kidogo, nitakuwa mtu. Wengi wetu hatutakuwa Misiani, na bado tunapiga.

Sikiliza benga yenyewe. Mwimbaji akinyamaza, gitaa la solo hushika kifungu kifupi na kukizungusha, tena na tena, besi ikisukuma chini. Hapo ndipo watu huinuka. Kifungu kilekile, kinachorudiwa mpaka miguu ichoke, ndicho walichokuja kusikia. Sasa kwa nini nikikirudia chumbani ionekane napoteza muda? Vidole vyangu vilikwama miezi mitatu kwenye noti nane. Siku noti ya nne ilipotoka safi nilicheka peke yangu kama mwehu, na si ati kuna mtu alikuwa amelipa kiingilio.

Lakini raha haimalizi maneno. Saa moja ya mtu mmoja mara nyingi kuna mwingine anayeilipia. Nikiwa kwa dada yangu Homa Bay, omena ziko juani, wingu likija lazima mtu aanue. Ndoo nazo hazijajaa. Hata nyatiti, ile ya nyuzi nane ambayo wapigaji wa benga walichota mengi kwake, kimila ilikuwa ya wanaume. Wanawake hawakuruhusiwa kuipiga. Tunausifu urithi huo, na ni mtamu kweli, ila ni nadra kusikia mtu akiuliza nani alikuwa jikoni wakati vidole vinazoea.

Hilo la nani anabeba ndoo ndilo hunisumbua, kuliko hili la malipo. Kwa dada tumepatana: omena kwanza, gitaa baadaye. Jumapili gitaa ni lake. Ameshajua kushika G na C, kuhama kutoka moja kwenda nyingine bado kunamchukua muda, na kila akifika anapiga kelele jirani wasikie. Siku hiyo maji nachota mimi.