Nakala Isiyosomwa

Wiki hii binti wa jirani yangu hapa Barani, Malindi, mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye bidii yake na adabu yake si siri kwa mtaa mzima, alirudi kutoka shuleni macho yamemwiva, akaiweka diski juu ya meza ya mama yake bila ya kuvua viatu. Mama alipomwuliza kulikoni, jibu lilikuwa fupi: "Tupu, mama. Mwalimu kaifungua, hamna kitu."

Wazazi wenye watoto wanaosoma somo la Kompyuta wanaifahamu adha hii. Mtihani wa KCSE wa somo hilo una karatasi tatu: ya kwanza ya nadharia, ya pili ya vitendo, na ya tatu ni mradi, ambao mtahiniwa huushughulikia kwa muda mrefu kabla ya siku za mtihani wenyewe, akapambanua tatizo la kazi au biashara fulani, akatunga hifadhidata na fomu zake, akaijaribu, akaandika maelezo yake ukurasa baada ya ukurasa, kisha yote yakachapishwa na faili zikachomwa kwenye CD. Binti huyu, ilipofika zamu ya kuujaribu mfumo wake, hakuridhika kubuni majina ya uongo kama wafanyavyo wenziwe. Alikwenda Mambrui kwa ami yake mwenye duka, akaingiza mchele, sukari, mafuta ya taa na orodha ya wadaiwa, hata yule mzee akaona kwa mara ya kwanza jumla ya fedha zake zilizo mikononi mwa watu, akaguna, akaomba asomewe tena. Basi hiyo ndiyo kazi iliyopotea.

Nilimwita nikamhoji kwa upole. "Ami," aliniambia, "yule kijana wa saiba aliyenichomea diski alisema imeingia. Nami niliyaona majina ya faili kwa macho yangu." Na kweli aliyaona. Lakini wajuzi wanajua kwamba Windows, mtu aburutapo folda na kuliweka katika dirisha la diski, aghalabu huyaonyesha majina hayo yakiwa hafifu, kwa maana kwamba faili zimo katika foleni, zinangoja amri ya kuandikwa. Na amri hiyo isipotolewa, diski hutoka kama ilivyoingia. Kijana aliona majina, akabonyeza kitufe, diski ikatoka, akapokea shilingi zake, akamgeukia mteja mwingine. Flashi iliyobeba kazi asilia ilikuwa ya kaka wa binti, naye alikwisha kuifuta ili atie filamu. Kompyuta ya saiba nayo, kama zilivyo nyingi za namna yake, imewekewa programu inayoirudisha katika hali ya awali kila inapozimwa. Ikabaki nakala ya zamani katika maabara ya shule, iliyo nusu ya kazi, na duka la Mambrui halimo.

Sitaki kumtwika kijana yule taksiri yote. Nilipomdodosa mwalimu mmoja wa somo hili, rafiki yangu wa siku nyingi, alicheka kicheko cha mtu aliyechoka, akaniambia kwamba diski tupu ni nuksi moja tu miongoni mwa nyingi. Kuna mtoto aletaye diski yenye njia ya mkato tu, ile ikoni yenye mshale mdogo, ilhali faili lenyewe limebaki katika kompyuta ya nyumbani. Kuna aliyeunganisha programu yake na hifadhidata kwa anwani ya kompyuta yake mwenyewe, basi ikihamishwa haioni kitu. Kuna aliyechagua kuitumia diski kwa mtindo wa flashi, nayo kompyuta ya pili ikakataa kuisoma. Na kuna wanaotaharuki wakiona hifadhidata imefunguka lakini haikubali rekodi mpya, hawajui kwamba kilicho ndani ya CD ya namna hii husomwa tu, na kwamba sharti kwanza kirudishwe kwenye kompyuta ndipo kikubali kuandikwa.

Hiyo ndiyo tabia ya chombo chenyewe. Ndani ya diski, chini kidogo ya upande wa jina, mna utando wa rangi ambao mwali wa leza huuchoma hapa na kuuacha pale, na palipochomwa hapawezi kurejea kuwa palivyokuwa. Megabaiti 700 humo, na mradi wa mtoto haufikii hata sehemu ndogo yake. Mtu anayetaka ushahidi usioguswa baada ya kukabidhiwa hawezi kuudharau utando ule: kilichokwisha kuchomwa mtoto hawezi kukibadili, wala mwalimu, wala shetani. Ila sifa hiyo ina upande wake mchungu, kwani kosa lililochomwa nalo hudumu vivyo hivyo.

Hapa ndipo fikira zangu zilipowaendea wanakili wa zamani. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na kanuni kwamba kunakili kitabu hakujatimia mpaka nakala isomwe na kulinganishwa na asili yake, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha kwa jicho, na pale walipofikia hutiwa alama pambizoni. Aliyeruka hatua hiyo hakuhesabiwa kuwa amenakili, hata hati yake ingekuwa nzuri namna gani. Pwani yetu inadaiwa na watu wa kalamu kuliko inavyokiri. Muyaka wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake hayakufika katika diwani iliyochapishwa mpaka mwaka 1940, na katika karne hiyo nzima kilichoyaokoa ni jitihada ya Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika kabla ya kufariki mwaka 1890, na karatasi za mmisionari Taylor, ambazo Hichens, mhariri wa diwani hiyo, alizifanyia kazi baadaye. Upande wa pili tazama Gede, mwendo mfupi kutoka hapa: msikiti mkubwa, kasri, visima, makaburi ya nguzo, na Wareno walikuwa Malindi karibu nao, lakini hapana ukurasa hata mmoja wa wenyeji wake uliotufikia kutueleza walihama kwa nini.

Najua atakayenicheka. Atasema: huu ni mradi wa mtihani, si Muyaka; mtoto akipata alama zake yamekwisha, na nani atakayeusoma baadaye? Mimi namjibu kwa swali. Wewe bwana, uwekapo fedha kwa M-Pesa, huondoka kwa wakala kabla ya kuusoma ujumbe? Tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007 sijamwona mtu wa Malindi, awe mvuvi au kadhi, aliyegeuza mgongo kwa neno la "imeingia" peke yake. Tunasimama, tunasoma jina, tunasoma kiasi, na tukiona tarakimu moja haikukaa sawa hapakaliki. Basi kwa shilingi mia mbili tuna wasiwasi wote huo, lakini jasho la mtoto la miezi tunaliamini kwa kauli ya kijana ambaye macho yake yako kwa mteja wa pili. Huo ni mpango gani wa thamani?

Mwingine, mstaarabu zaidi, atasema kwamba CD zenyewe zinakufa. Kweli. Kompyuta mpya nyingi za mapajani haziji na kisomeo cha CD, na madukani mjini hapa diski zenyewe zinazidi kuadimika. KCSE nayo inakaribia ukomo wake, kwani watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watakaa mwaka 2027, na katika mtaala mpya walimu wamekwisha kuzoea kupeleka tathmini za wanafunzi wao kwa tovuti ya Baraza la Mitihani. Lakini hoja hiyo hainipunguzii neno. Tovuti itakiri kwamba imepokea, haitajua kama ndani ya ilichokipokea mna duka la Mambrui au mna njia ya mkato. Na mtoto asiyeachiwa nakala ya kazi yake, iwe kwenye diski au popote pengine, ataondoka shuleni mikono mitupu hata akipata alama ya juu.

Kwa hiyo nasema waziwazi: mwalimu asipokee diski iliyofungwa, na asipeleke faili ambalo hakulifungua kwenye mashine nyingine, mtoto mwenyewe akiwa kando yake akiitambua kazi yake kwa jicho, na nakala ya pili, iliyosomwa vivyo hivyo, iende nyumbani. Mwalimu akidai kwamba darasa ni kubwa na muda hautoshi, basi na aseme hivyo kwa mzazi kabla ya diski kuondoka, mzazi ajue aifungue mwenyewe.