Kuazima Kitu cha Kuchezea

Pale Nyololo njia panda, ambapo barabara ya kwenda Igowole, Kibao na Mgololo inaiacha barabara kuu ya Iringa na Mbeya, malori hayakatiki usiku na mchana. Kandokando ya malori hayo watoto nao wanaendesha magari yao: bodi ni banzi la msonobari, magurudumu yamekatwa kwenye ndala kuukuu, na usukani ni mti mrefu unaomwezesha dereva kwenda wima nyuma ya gari lake. Hapa Mufindi hakuna uhaba wa mabanzi. Msitu wa Sao Hill uko jirani, mashine za dingdong zinapasua magogo, na kinachobaki baada ya mbao kutoka huenda jikoni kuwa kuni au huangukia mikononi mwa watoto kuwa gari.

Kwa hiyo mtu akija na wazo la kufungua hapa maktaba ya vitu vya kuchezea, yaani chumba ambamo mtoto anaazima mdoli, mpira au vibao vya kupangilia kama mwingine anavyoazima kitabu, mzazi atamuuliza swali la haki kabisa: kwa nini tuwaazime vitu watoto wanaojitengenezea wenyewe? Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Naamini jibu lake halimo katika vitu. Limo katika kuazima.

Jirani akiishiwa unga, anakuja kukopa. Akihitaji jembe, anakuja kuazima. Unga uliokopwa unaliwa, na unaorudi ni unga mwingine wa kipimo kilekile. Jembe linarudi lenyewe, na mpini wake uleule. Siku hizi wengi wetu tunasema "niazime elfu kumi" na tunaelewana vizuri, lakini tofauti ya zamani inastahili kushikwa. Anayekopa anadaiwa thamani. Anayeazima ameaminiwa kitu chenyewe.

Sasa mtoto wa miaka minne aliyeazima gari la mbao kwa wiki moja yuko katika hali gani? Gari ni lake: analala nalo, analipa jina, analinunia. Na gari si lake: Jumamosi litarudi, na wiki inayofuata litakuwa kwa mtoto wa ng'ambo ya barabara, ambaye atalipa jina jingine. Sisi watu wazima tumegawana dunia kwa changu na chako, na mpaka ukitushinda tunakwenda baraza la kata. Mtoto huyu anaishi kwa raha mahali ambapo sisi tunaona mpaka tu.

Anaweza kuishi hapo kwa sababu amekuwa akiazima tangu alipoanza kucheza. Katika mchezo wa baba na mama, binti mdogo anaazima umama. Anauvaa, anasonga ugali wa udongo kwenye kifuniko cha ndoo, anamgombeza "mwanawe" kwa sauti ileile aliyogombezwa nayo asubuhi. Kisha mama halisi akiita, anauvua na kuurudisha, na umama haujapungua kitu. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alieleza katika mhadhara wa mwaka 1933 kwamba ndani ya mchezo mtoto huwa mrefu kuliko kimo chake. Mimi ningesema ameazima kimo ambacho bado hajakifikia. Anakirudisha jioni, na siku moja atakuta kimekuwa chake.

Hapa pana ugumu, na sitaki kuupita haraka. Kitu cha kuazima ni amana, na amana inataka uangalifu. Mchezo unataka kinyume chake. Tunaujua mdoli ulioletwa kutoka Dar es Salaam, ukawekwa juu ya kabati la sebuleni ukiwa bado ndani ya nailoni yake, na watoto wakaruhusiwa kuutazama. Mdoli huo haujawahi kuchezewa, ingawa upo. Tukianzisha maktaba na kumwambia kila mtoto anayetoka mlangoni "angalia usivunje", tutakuwa tumeongeza kabati lingine kijijini, kubwa zaidi.

Neno lenyewe linatuonya. Jino la mtoto likikaribia kung'oka tunasema linacheza. Mguu wa meza ukilegea, unacheza. Fundi baiskeli akishika gurudumu na kuliona linakwenda huku na huku, atasema linacheza, kisha atachukua spana. Lugha yetu imejua kwamba kitu hucheza pale kilipoachiwa nafasi, na kwamba ukikaza nati zote mchezo umekwisha. Hofu ya kuvunja ndiyo nati hiyo. Mtoto mwenye hofu hawezi kujaribu kuliteremsha gari kwenye mteremko mkali ili aone litapinduka wapi, na hilo ndilo alilotaka kujua kuhusu gari, kuhusu mteremko na kuhusu uzito.

Amana na ulegevu vinawezaje kukaa chumba kimoja? Jawabu nililoliamini limetoka kwa akina mama. Upatu wao wanauita mchezo, na wanasema wanaucheza. Kila wiki kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anapokea, na zamu inazunguka. Ni fedha, tena fedha ya ada na mbolea, na mara nyingi hakuna hata karatasi iliyosainiwa. Lakini mwenzao akifiwa kabla ya zamu yake, wanakubaliana apokee mapema. Zamu inasogea, mchezo hauvunjiki. Uaminifu wao umeachiwa nafasi ndani yake, kama jino lile, kwa sababu wanafahamiana na kesho watakutana kisimani.

Ndiyo maana nasisitiza maktaba hiyo iwe ya kijiji chenyewe, hata kama msaada wa kuanzia utatoka nje. Kitu cha mradi kikivunjika, kinaandikiwa ripoti. Kitu cha kijiji kikivunjika, kinapelekwa kwa seremala aliye jirani, na mtoto aliyekivunja anakwenda kushika upande mmoja wakati msumari unapigiliwa.

Maktaba za aina hii zina historia inayogusa hali yetu kuliko tunavyodhani. Moja ya zile za mwanzo ilianza Los Angeles mwaka 1935, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeporomoka. Inasimuliwa kwamba mwenye duka aliwabaini watoto wakiiba vitu vidogo vidogo ili wakajitengenezee vya kuchezea, na walioletewa habari hiyo wakaona ni afadhali kuwaazima watoto kuliko kuwaadhibu. Watoto hao pia walikuwa wanajitengenezea. Walichokosa ni malighafi.

Mwaka 1963, Stockholm, wazazi na walimu wa watoto wenye ulemavu walianzisha yao, na kwangu mfano huu ndio mzito. Ulinifanya nimjibu yule mzazi wa Nyololo kwa namna nyingine. Ni kweli watoto wanaonekana barabarani na magari yao ya mabanzi. Lakini wapo wasioonekana. Yupo mwenye miguu isiyomtii, anayeachwa ndani watu wakienda shambani, na anayesikia kelele za mchezo kupitia dirishani. Yupo dada wa miaka minane aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni tangu asubuhi, anayesimama pembeni ya mchezo wa rede akihesabu pointi za wenzake. Hao hawajakosa gari. Wamekosa wa kucheza naye, na saa ya kucheza. Kitu kilichoazimwa kinampa mwenye miguu mizito jambo ambalo huruma haijawahi kumpa: watoto wengine wanabisha hodi kwao kwa sababu wiki hii gari liko kwake. Na chumba chenye mtu mzima wa kuwaangalia wadogo kinamtua yule dada mzigo kwa saa moja. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataja mapumziko na mchezo kwa pamoja, na ukimtazama dada yule unaelewa kwa nini.

Serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, iliuweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba neno "ujifunzaji" litaumeza mchezo, na tutaanza kuuliza kila kibao kimefundisha nini kufikia Ijumaa.

Hapo namkumbuka mcheza mdako. Anachimba kishimo, anakijaza kokoto, anarusha moja juu. Kabla haijashuka amekwishazikomba nyingine nje. Anarusha tena, na safari hii anazirudisha shimoni zote isipokuwa moja. Duru ikiisha anaanza kubakiza mbili mbili, kisha tatu tatu, na kokoto zisizogawanyika sawasawa anaziona kwa jicho kabla mkono haujafika. Hakuna aliyemwambia kwamba anagawanya. Ukimwambia katikati ya mrusho, kokoto itaanguka.

Ningependa rafu ya kwanza ya maktaba hiyo iwe ya vitu kama hivyo: kokoto za mdako ndani ya kopo, bao lililochongwa, mpira wa matambara, na bibi mmoja anayezijua sheria zake. Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alipoanza kazi iliyozaa shule za awali za madrasa, zilizoenea hadi Zanzibar na Uganda, vifaa vya watoto vilitoka katika mazingira yao wenyewe. Mufindi ina mabanzi, mianzi na mbegu za misonobari.

Na gari la banzi liwemo pia, limeandikwa namba, liazimwe kama mengine. Litatoka Jumamosi moja likiwa na magurudumu manne ya ndala ya bluu. Litarudi Jumamosi nyingine likiwa na matatu ya bluu na moja jekundu, kubwa kidogo kuliko wenzake, limekatwa kwa kisu cha nyumbani na kutobolewa kwa msumari wa moto. Mtunza daftari atalizungusha mikononi, atalisukuma sakafuni na kuliona linaelemea kushoto. Kwenye safu ya hali ya kifaa ataandika tarehe, jina la mtoto, na neno "limerudi", kisha atampa mtoto anayesubiri mlangoni.