Onyo la Tufani na Kumtegemea Mungu

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ndugu zangu, wako watu wasemao: Mwenye kuwafuata watabiri wa mvua za radi, ukungu na mafuriko amepungukiwa na tawakali, kwani aijuaye ghaibu ni Mungu peke yake. Mwisho wa neno hili ni kweli. Mwanzo wake ni kosa.

Ghaibu ni jambo lisilo na dalili kwetu. Mtabiri hupima joto la bahari, upepo na mawingu, kisha husema lielekealo kuwa. Naye ni kama nahodha aonaye wingu zito akatua tanga. Nani aliyepata kumwambia nahodha huyo kuwa amekufuru? Tena katika sunna, usiku wa baridi na mvua, muadhini aliamrishwa kunadi kwamba watu wasali majumbani mwao. Na mafakihi wetu wa Kishafii wamehesabu mvua yenye kulowesha nguo kuwa ni udhuru wa kuacha sala ya jamaa. Vipi basi safari ya biashara isiahirishwe kwa tufani?

Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi, wala hapakuwa na chombo cha kuwaonya watu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema, na boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Lakini huko Valencia, nchi ya Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024, watabiri walitoa onyo jekundu tangu asubuhi; wenye mamlaka wakapeleka khabari katika simu za watu baada ya saa mbili usiku, maji yamekwisha kuingia majumbani. Walikufa watu zaidi ya 200.

Basi onyo ni amana. Mwenye kulichelewesha kwa kuogopa kuchekwa, siku ikipita salama, amekhini. Na mwenye kulisikia akabaki bondeni pamoja na wanawe, akisema, "Nimetawakali," huyo hakutawakali. Amezitia hatarini roho zisizo zake.

Usikiapo onyo, mgongee jirani asiye na redio, mwondoe mzee na mtoto penye mkondo wa maji, kisha inua mikono uombe. Na mvua isipokuja, mshukuru Mola wako, wala usimcheke aliyekuonya, asije akanyamaza siku ya pili.

Wallahu aalam.